Sahihi ya Mume: Kisa cha Mama Aliyengojeshwa Upasuaji

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari wa zamu. Si cha hospitali fulani wala cha mama fulani, ila mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye leba wodi ya hospitali ndogo ya kaunti hataona jambo geni ndani yake. Tumekiweka Pwani ya Kenya, chini ya sheria za Kenya. Saa tumeziandika kwa mtindo wa saa 24, kwa sababu tutakayoifikia tukizungumzia faili.

Usiku wenyewe

Mama ana miaka 26, mimba ya tatu. Mtoto wa kwanza alimzaa kawaida, wa pili alitolewa kwa upasuaji miaka miwili na nusu iliyopita. Alisoma hadi darasa la sita. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini Kigiriama ndicho anachowazia. Zahanati ya kijijini waliona kovu tumboni wakampa rufaa, akafika hospitalini 21:10 akiwa na mama mkwe wake. Njia ilikuwa imefunguka sentimita 5, shinikizo la damu 118/74, moyo wa mtoto ukipiga mara 144 kwa dakika. Hadi hapo hakuna la kutisha, isipokuwa lile kovu.

Saa 01:10 alipimwa tena. Sentimita 6 tu baada ya saa nne. Kichwa cha mtoto kilikuwa bado juu na mifupa yake imeanza kupandana, uchungu ulikuja mara nne kila dakika kumi, na moyo wa mtoto ulikuwa umepanda hadi 168, wakati mpaka wa kawaida ni 110 hadi 160. Mama alisema panamuuma pale penye kovu hata uchungu unapoachia. Muuguzi alimwita daktari wa zamu, naye saa 01:20 akaandika: upasuaji wa dharura, kizazi kinaweza kupasuka. Uamuzi ulikuwa sahihi na ulikuja kwa wakati.

Kisha likaulizwa swali ambalo liliharibu kila kitu: "Mama, mumeo yuko wapi?"

Mume ni utingo wa lori, alikuwa njiani kuelekea Malaba, mpakani na Uganda, simu imezimwa. Mama mkwe aliitwa kutoka kwenye benchi la nje, akaelezwa kwa ufupi, akasema, "Mimi siwezi kukubali kitu kama hicho. Ngojeni mwenyewe." Mgonjwa alikuwa kitandani, hatua tatu kutoka pale. Alisema, na muuguzi alimsikia, "Sista, mimi nataka mtoto wangu. Nipasueni." Hakuna aliyeandika maneno hayo. Kilichoandikwa kwenye faili ni kwamba jamaa wamekataa kusaini, mume anatafutwa.

Walimtafuta kwa zaidi ya saa mbili. Alipatikana 03:35, simu ikawekwa spika katikati ya wodi, akauliza, "Kwani mlikuwa mnangoja nini? Mpasueni!" Mama mkwe akaweka kidole gumba kwenye fomu. Saa 03:50 moyo wa mtoto haukusikika tena. Kisu kiligusa ngozi 04:25. Kizazi kilikuwa kimechanika kando ya kovu la zamani, mtoto wa kilo 3.4 yuko nje yake tumboni, amekufa, ngozi yake bado nzima bila kuchunika, ishara kwamba hakuwa amekufa muda mrefu. Mama alipoteza damu kama lita 1.8, akaongezewa yuniti mbili. Daktari alifanikiwa kukishona kizazi bila kukitoa. Alipomaliza kushona alifunga mirija ya uzazi pande zote mbili, na kwenye ripoti ya upasuaji akaliandika jambo hilo kwa kifupisho cha herufi tatu. Alipotoka thieta alimwambia mama mkwe kwenye korido kwamba "huyu asishike mimba tena." Mgonjwa hakuambiwa.

Asubuhi yake msimamizi wa wodi alikuta patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu na moyo wa mtoto, haina kitu kuanzia 01:30. Akamtaka muuguzi "amalizie." Muuguzi akajaza: 02:00, moyo 142, 02:30, 140, 03:00, 144.

Mama aliruhusiwa siku ya tano. Wiki ya sita alikwenda kliniki kuomba sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, apumzike kwanza kabla ya kujaribu tena. Muuguzi wa kliniki akafungua faili, akasoma zile herufi tatu, akamtazama.

Nani alipaswa kusaini

Jibu fupi ni mgonjwa, peke yake. Ana miaka 26, ana akili timamu, anaongea. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, kifungu cha 9, inasema huduma isitolewe bila idhini ya mgonjwa aliyeelezwa, kisha inataja hali ambazo idhini hiyo inaweza kutoka kwingine au isihitajike. Mtu wa karibu wa familia anaingia pale tu mgonjwa mwenyewe *hawezi* kutoa idhini na hakuna mtu aliyeteuliwa kwa maandishi au kwa sheria kumsemea. Mume hatajwi popote kama mwenye idhini ya mke aliye macho, na mama mkwe ndiyo kabisa. Kuolewa hakuhamishi mwili wa mtu kwenda kwa mwingine, hata mahari iwe imelipwa yote.

Kwa nini basi wodi nyingi hufanya vile? Si ujinga mtupu. Mume ndiye atakayetafutwa kwa gharama. Ndugu ndio watakaoombwa kuchangia damu. Familia iliyokasirika huja asubuhi ikiwa watu kumi na wawili, na muuguzi wa usiku huwa peke yake. Tena fomu zenyewe, ambazo hospitali nyingine zimekuwa zikizitoa kopi miaka na miaka, zina mstari wa "mume au jamaa" juu ya mstari wa mgonjwa, na mtu aliyechoka husaini mstari alioukuta. Sababu hizi zinaeleza mazoea. Haziyapi nguvu ya sheria.

Hutokea pia mtu akajitetea hivi: mwanamke mwenye uchungu mkali hana uwezo wa kuamua. Hoja hii ni hatari kwa sababu inasikika kama ya kitaalamu. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa mambo manne: je, anaelewa alichoelezwa, anaweza kukishika kwa muda wa kutosha, anaweza kukipima, na anaweza kueleza uamuzi wake kwa namna yoyote? Uchungu, woga, uchovu, dawa ya maumivu, vyote vinaweza kupunguza uwezo huo, na hakuna hata kimoja kinachouondoa chenyewe tu. Mama huyu alisema maneno sita yenye sababu na uamuzi ndani yake. Na anayeamini kweli kwamba mgonjwa hana uwezo hatoki mbio kutafuta simu ya mtu aliye njia ya Malaba. Anahamia kwenye kanuni ya dharura.

Kanuni hiyo imo kwenye kifungu kile kile cha 9: idhini haihitajiki kwa mgonjwa anayetibiwa katika hali ya dharura, na pia kwa mgonjwa ambaye kuchelewesha huduma kunaweza kumletea kifo au madhara yasiyorekebishika, ilmradi hajakataa kwa kauli wala kwa kitendo. Kizazi kinachotishia kupasuka kinaingia humo bila kusukumwa. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya kinaifanya taasisi iliyo na uwezo wa kutoa huduma hiyo na isiitoe kuwa imetenda kosa, faini hadi shilingi milioni 3. Upande wa pili, Sheria ya Adhabu, kifungu cha 240, inamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, kwa manufaa ya mgonjwa au ya kuokoa maisha ya mama, endapo hali ilivyokuwa upasuaji huo ulikuwa wa busara. Kwa hiyo daktari aliyeogopa kushtakiwa kwa kupasua bila sahihi ya mume alikuwa na ngao upande aliouogopa, na upande aliosimama hakuwa na kitu.

Sahihi za madaktari wawili kwenye fomu ya dharura nazo zimezoeleka mno hata watu wakadhani ni sharti la sheria. Ni utaratibu wa ndani wa hospitali, wala si mbaya. Ila ukiwa daktari pekee zamu ya usiku usimngoje wa pili aendeshe kilomita 40.

Mazungumzo ya dakika nne

Tuseme timu ingejua yote hayo. Bado kusema "nipasueni" si idhini kamili. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya kinataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia zilizopo, faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia, na haki yake ya kukataa. Inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa, kwa kiwango cha elimu yake. Fomu ya Kiingereza iliyosomwa haraka mbele ya mama anayewaza kwa Kigiriama haifiki huko. Muuguzi, mhudumu wa usafi au mama wa kitanda cha pili anaweza kusaidia kutafsiri, mgonjwa akikubali. Mama mkwe aliyekwisha kukataa hafai: atatafsiri anachotaka yeye.

Maneno yenyewe yanaweza kuwa haya, na yanatoshea ndani ya dakika nne: "Mama, mtoto hashuki na moyo wake unakwenda mbio. Pale kwenye kovu la zamani panavutika, panaweza kupasuka. Tukingoja, mtoto anaweza kufa na wewe unaweza kutokwa na damu nyingi. Tunataka kukupasua sasa. Utachomwa sindano ya ganzi mgongoni. Hatari zake ni damu nyingi, kidonda kuingia wadudu, kibofu kuumia, na mara chache, damu ikikataa kabisa kusimama, tunalazimika kutoa kizazi ili uishi. Unaweza kukataa. Umeelewa nini, niambie kwa maneno yako?" Sentensi ya mwisho ndiyo inayorukwa siku zote, ingawa ndiyo pekee inayoonyesha kama zile za mbele zimefika. Mgonjwa aliyeulizwa "umeelewa?" hujibu "ndiyo" kwa heshima tu.

Hatari zipi zitajwe? Zamani mahakama za Uingereza zilipima kwa jicho la madaktari: ikiwa kundi la madaktari wanaoheshimika wangenyamaza, aliyenyamaza hakukosa. Hukumu ya Montgomery dhidi ya Lanarkshire Health Board, Machi 2015, iligeuza hilo. Mama aliyeshtaki, wa Scotland, alikuwa mfupi na mwenye kisukari, akikabiliwa na uwezekano wa asilimia 9 hadi 10 mabega ya mtoto kukwama, na daktari hakumwambia kwa kuhofia angeomba upasuaji. Mahakama ya Juu ilisema kipimo ni kile ambacho mtu wa kawaida aliye katika hali ya mgonjwa huyu angekiona kuwa cha maana. Hukumu za Uingereza hazifungi mahakama za Kenya, lakini husomwa na kunukuliwa, na kifungu cha 8 chenyewe kinaelekea huko huko.

Anayeeleza awe ndiye atakayepasua au mtu anayeweza kufanya upasuaji ule. Muuguzi ni shahidi, asitumwe kwenda "kuchukua sahihi." Asiyejua kuandika aweke kidole gumba, shahidi aandike jina lake kamili na saa. Mgonjwa akishindwa hata hilo kwa uchungu, idhini ya mdomo inatosha ikiandikwa maneno aliyoyasema, nani alisikia, saa ngapi.

Na familia? Ina nafasi yake kubwa. Badala ya "mumeo yuko wapi," muulize mgonjwa, "Ungependa nani awepo nikikueleza?" Huyo atakayemtaja ndiye wa kuitwa. Mama mkwe aelezwe kwa adabu, kwa ruhusa ya mgonjwa: "Mama, mwanao amekubali kupasuliwa, tunampeleka sasa. Tunakuomba uendelee kumpigia baba watoto, na utuambie nani anaweza kutoa damu." Hapo amepewa kazi badala ya kura. Simu ya spika wodini ni kosa jingine dogo ndani ya kubwa. Habari za mwili wa mgonjwa zilisikika vitanda sita, na usiri unalindwa na kifungu cha 11 cha sheria ile ile.

Saa tatu na dakika tano

Kuanzia uamuzi hadi kisu zilipita dakika 185. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi kwa upasuaji wa dharura kali ni dakika 30 kutoka uamuzi hadi mtoto kutoka. Hospitali ndogo mara nyingi haifikii hapo, na mahakama inaweza kulielewa hilo ikiwa kilichochelewesha ni mtaalamu wa ganzi anayefuatwa nyumbani. Simu ya mume ni habari nyingine.

Kosa la pili halionekani upesi, nalo ndilo lenye mafunzo zaidi kwa wauguzi. Uamuzi wa kupasua ulipoandikwa, kila mtu alimhesabu mama huyu kuwa "wa thieta," na wa thieta hapimwi tena na leba wodi. Kungoja kukageuka kuacha. Moyo wa mtoto haukusikilizwa kuanzia 01:30 hadi 03:50, kwa mama mwenye kovu na mtoto ambaye tayari alikuwa 168. Damu haikupangwa hadi 03:40. Idhini na maandalizi ni kazi mbili zinazokwenda sambamba: huku daktari anaongea na mgonjwa, mwingine anafungua mishipa miwili kwa kanula nene za geji 16, anatoa damu ya kupima kundi na kulinganisha yuniti 2, anaweka katheta ya mkojo, anapiga simu thieta, anaandaa antibayotiki itakayochomwa ndani ya saa moja kabla ya kisu. Na moyo wa mtoto unasikilizwa kila dakika 15 hadi mlango wa thieta. Hata kama familia ingepewa nafasi ya kusema yake, mambo haya yangekuwa tayari.

Kisheria uzembe una nguzo zake: wajibu wa kumtunza mgonjwa, kuvunjwa kwa wajibu huo, madhara, na uhusiano kati ya kuvunjwa na madhara. Nguzo ya mwisho ndiyo inayoanguka kesi nyingi, kwa kuwa wakili wa hospitali husema mtoto angekufa vyovyote. Hapa faili lenyewe linafunga mlango huo: saa 01:20 mtoto yuko hai, saa 03:50 hayuko, na ngozi nzima inasema alikufa usiku ule ule.

Mirija

Mtu akisoma hadi hapa anaweza kudhani tatizo la daktari huyu ni woga wa kutenda bila sahihi. Lakini ndani ya saa hiyo hiyo alifanya jambo la kudumu mwilini mwa mgonjwa bila sahihi ya yeyote. Sahihi isiyohitajika ilitafutwa saa mbili na zaidi. Ile iliyohitajika haikutafutwa hata dakika moja.

Sababu yake ya kitabibu haikuwa ya kipuuzi. Kizazi kilichowahi kupasuka kiko hatarini mimba ijayo, na mama anapaswa kuambiwa hivyo kwa maneno makavu. Hiyo ni sababu ya kushauri. Kufunga mirija usiku ule hakukusimamisha tone la damu.

Kesi mbili za zamani za Canada zinaonyesha mpaka ulipo, na hazijapitwa na wakati. Mwaka 1933, katika Marshall dhidi ya Curry, daktari aliyekuwa akitibu ngiri alikuta korodani iliyoharibika akaitoa. Mahakama ilimwachilia, kwa kuwa kuiacha kungehatarisha maisha au afya ya mgonjwa. Mwaka 1949, katika Murray dhidi ya McMurchy, daktari akiwa kwenye upasuaji wa uzazi alikuta uvimbe kwenye kizazi, akaona mimba nyingine itakuwa ya hatari, akafunga mirija papo hapo. Alishindwa. Hatari aliyoizuia ilikuwa ya baadaye. Mgonjwa angeamka, akaelezwa, akaamua. Kilichokuwa *cha lazima* sasa kinaruhusiwa, kilichokuwa *rahisi* sasa kinangoja. Daktari wa kisa chetu angelazimika kukitoa kizazi ili kuzuia damu, tungekuwa upande wa 1933. Alifunga mirija baada ya damu kusimama, na huo ni upande wa 1949. Kenya nayo inalijua jambo hili: mwaka 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kuwafunga mirija wanawake wanaoishi na VVU bila idhini yao ya kweli kulivunja haki zao.

Hutetewa pia kwamba mgonjwa alikuwa macho kwa ganzi ya mgongo, basi angeulizwa pale pale. Hapana. Mtu aliyelala tumbo wazi, ambaye dakika kumi zilizopita ameambiwa mtoto amekufa, atakubali chochote au hatasikia chochote. Suala la mirija liwekwe kwenye mazungumzo ya kliniki wakati wa ujauzito, au baada ya mama kupona. Njia za muda mrefu zinazoondolewa zipo, kijiti cha mkononi kwa mfano, na zingempa miaka ya kufikiri. Kumwambia mama mkwe kwenye korido kulikuwa kuvujisha siri, na pia kulimpa mtu mwingine habari ambayo mwenyewe alikuja kuisikia wiki sita baadaye kliniki.

Faili

Zile namba tatu zilizojazwa asubuhi, 142, 140, 144, zilikusudiwa kumwokoa muuguzi. Zitamzamisha. Mtoto aliyekuwa 168 saa 01:10 hawezi kuonekana mtulivu kabisa hadi 03:00 kisha akanyamaza 03:50 bila mtu kushtuka. Na kama kweli alikuwa 144 saa 03:00, ina maana alikuwa wa kuokolewa saa nzima na zaidi baada ya uamuzi. Kila njia ni mbaya. Kabla ya kujaza alikuwa muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi na karatasi tupu, jambo ambalo baraza la wauguzi linaweza kulisikiliza. Baada ya kujaza ni mtu aliyeghushi.

Kilichosahaulika huandikwa hivi: tarehe na saa ya *sasa*, maneno "maelezo yaliyochelewa," kinachokumbukwa na kisichokumbukwa, jina, cheo, sahihi. Mstari uliokosewa hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha herufi zisomeke. Wino mweupe usikaribie faili. Msimamizi aliyeamuru kujaza naye amekosa, na aliyeamriwa ana haki ya kukataa na kuandika kwamba amekataa.

Sasa saa. Kwenye faili hili daktari aliandika 1.20, muuguzi akaandika saa 7.20, na zahanati katika barua ya rufaa ikaandika saa 2. Mswahili akisema saa mbili ni 20:00 au 08:00. Aliyezoea Kiingereza anasoma 14:00 au 02:00. Mbele ya wakili tofauti ya saa sita ni pesa nyingi. Andika 01:20.

Angekataa

Tugeuze kisa kidogo: mama mwenyewe anasema sitaki kisu. Mweleze tena, mtu mwingine amweleze, mtenge na jamaa kwa dakika chache uone kama sauti ni yake. Katika kesi iitwayo Re T ya 1992, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubali kwamba kukataa damu kulikotokana na shinikizo la mama mzazi hakukuwa uamuzi huru. Akiendelea kukataa kwa akili timamu, kifungu cha 8 kinamtambua. Mwaka 1998, katika kesi ya St George's, mahakama hiyo hiyo ilisema kumpasua kwa nguvu mjamzito anayekataa ni kinyume cha sheria hata kama mtoto yuko hatarini. Ila Katiba ya Kenya, kifungu cha 26(2), inasema uhai huanza mimba inapotungwa, maneno ambayo sheria ya Uingereza haina, kwa hiyo hukumu hiyo haiwezi kunakiliwa ilivyo. Kwa maoni yetu hili halimpi muuguzi ruhusa ya kumfunga mtu kamba. Linamtaka ampigie msimamizi wa hospitali na wakili wake usiku huo huo, aandike, aendelee kumtunza mama na kumwacha mlango wazi wa kubadili nia. Akikubali saa 02:00, anapasuliwa saa 02:00, bila masimango.

Angekuwa na miaka 16 mambo ya mzazi na mlezi yangeingia, lakini dharura ya kifungu cha 9 haiulizi umri.

Kuanzia wiki ya sita

Muuguzi wa kliniki aliyesoma zile herufi tatu hakufanya kosa lolote, na sasa yeye ndiye mwenye zigo. Asimchome sindano ili kuepuka mazungumzo, imewahi kufikiriwa. Asimwambie peke yake mbele ya foleni pia. Ampeleke chumba chenye mlango, amwite daktari aliyepasua au bosi wake, wamweleze kilichofanyika, kwa nini, kwamba hakuulizwa na alipaswa kuulizwa. Waombe radhi kwa sentensi inayotaja kosa: "Tulikufunga mirija bila kukuuliza, na tulikungojesha upasuaji ambao ulikuwa umeukubali." "Poleni kwa yaliyotokea" haitoshi. Waeleze kama mirija inaweza kufunguliwa, wapi, na kwamba hata ikifunguka kizazi chake kinahitaji daktari bingwa tangu mwanzo wa mimba.

Ana haki ya kulalamika na malalamiko yachunguzwe, kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya. Dhidi ya daktari na hospitali aende kwa Baraza la Madaktari, KMPDC. Dhidi ya muuguzi, Baraza la Wauguzi. Akitaka fidia, madai ya uzembe kwa kawaida yana miaka 3, ila dhidi ya Serikali sheria inaweka miezi 12, kwa hiyo amwone wakili mapema. Nakala ya faili ni haki yake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Apewe lote: barua ya rufaa, patografu jinsi ilivyo, fomu yenye kidole cha mama mkwe, ripoti ya upasuaji, karatasi ya ganzi, na kadi ya kuruhusiwa ambayo mahali pa "upasuaji uliofanyika" imeandikwa upasuaji wa uzazi tu.